Mtoto wa Marekani hakuzaliwa mwanafunzi

Mwaka 1852 bunge la jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria fupi. Kila mwenye mtoto wa miaka 8 hadi 14 alitakiwa kumpeleka shuleni wiki 12 kwa mwaka, na 6 kati ya hizo zifuatane. Asiyetii angetozwa faini isiyozidi dola 20. Ilikuwa sheria ya kwanza ya jimbo lolote la Marekani kumlazimisha mtoto kwenda shule, na hutajwa kila mara mtu anapotaka kuonyesha kwamba Wamarekani walianza mapema. Kisichotajwa ni kwamba kwa miaka mingi baada ya hapo karibu hakuna kilichobadilika. Waliokuwa wakisoma waliendelea kusoma, na watoto wa viwanda vya nguo waliendelea kuamka na kengele ya kiwanda. Sheria yenyewe ilimsamehe mzazi aliye maskini, na hapakuwa na mtu aliyelipwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani yuko wapi.

Sisi wa Uganda jambo hili tunalijua kwa njia yetu. UPE, mpango wa elimu ya msingi bila karo, ilipoanza mwaka 1997, kwanza kwa watoto 4 wa kila familia, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Karo ilikuwa kizuizi kweli. Lakini kila mwalimu aliyekuwa darasa la kwanza, P.1, mwaka ule anajua kwamba kuondoa karo kulifungua mlango mmoja tu, na nyuma yake palikuwa na mingine. Wamarekani walikutana na milango hiyohiyo mmojammoja kwa zaidi ya miaka 100, na waliacha makaratasi mengi yanayoonyesha kila mmoja ulifunguliwaje na ulifungwa tena na nini.

Nianze na pesa, kwa sababu hapo pana hesabu ambayo watu wengi hawajawahi kuionyeshwa.

Mwanzoni mwa karne ya 19, shule ya kijiji kaskazini mwa Marekani haikuwa ya bure wala haikuwa ya binafsi. Kijiji kilikuwa na wilaya yake ya shule, pengine familia 20 au 30 tu. Jimbo lilitoa kiasi kidogo, kijiji kikatoza kodi kidogo, na kilichopungua kwenye mshahara wa mwalimu kiligawiwa kwa wazazi kulingana na siku ambazo watoto wao walihudhuria. Mwalimu aliandika mahudhurio kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa daftari lile ndilo lililotengeneza bili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu anadai dola 60 kwa muhula. Jimbo na kodi ya kijiji vimeleta 36, zimebaki 24. Watoto wote kwa pamoja wamehudhuria siku 1,200. Gawanya: kila siku ya mtoto mmoja ni senti 2. Mzazi mwenye watoto 3 waliosoma siku 50 kila mmoja anadaiwa siku 150, yaani dola 3. Si pesa ya kumtisha mwenye shamba kubwa. Kwa kibarua ilikuwa mzigo, na kibarua alikuwa na njia moja tu ya kuupunguza: awatoe watoto kabla muhula haujaisha.

Ubaya wa mpango huu ni kwamba kila aliyetoka aliwapandishia bei waliobaki. Familia nne zikiondoka na siku zikashuka kutoka 1,200 hadi 800, zile dola 24 ziko palepale, kwa hiyo siku moja sasa ni senti 3. Mzazi wa tano naye anapiga hesabu na kumtoa wake. Shule ilijikausha yenyewe katikati ya muhula, na wa kwanza kuondoka ndio waliokuwa na uhitaji mkubwa zaidi. Sheria iliruhusu maskini asamehewe, lakini ilibidi ajitangaze kuwa maskini mbele ya majirani zake, na wengi waliona afadhali mtoto akae nyumbani kuliko jina lao liandikwe kwenye orodha hiyo. New York ilifuta bili hizi mwaka 1867, Connecticut mwaka uliofuata, Michigan mwaka 1869 na New Jersey mwaka 1871. Yaani katika majimbo tajiri ya kaskazini, shule ya msingi ya bure kabisa ni jambo la baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe.

Ndani ya shule yenyewe mambo yalikuwa tofauti na tunavyoyawaza. Chumba kilikuwa kimoja, mara nyingi cha futi 20 kwa 30 hivi, na jiko la chuma la kuni. Waliokaa karibu na jiko waliungua mashavu, waliokaa ukutani walitetemeka. Mwalimu mmoja alikuwa na watoto wa miaka 4 hadi vijana wa 18 au 20. Mtoto hakuulizwa yuko darasa la ngapi. Aliulizwa yuko kitabu cha ngapi. Vitabu vya kusoma vya McGuffey, vilivyoanza kutoka mwaka 1836, vilipangwa kwa namba, kwa hiyo kijana wa miaka 16 aliyekuwa akifanya kazi shambani kila mwaka aliweza kukaa kwenye kitabu cha pili pamoja na mtoto wa miaka 9, na hakuna aliyeshangaa.

Mwalimu aliendeshaje? Mbele ya chumba palikuwa na benchi. Aliita kikundi kimoja, kikaja kukaa pale, kikasoma kwa sauti au kutoa majibu ya hesabu, kisha kikarudi na kingine kikaitwa. Wengine wote walikuwa wakiandika kwenye sleti au wakikariri kimyakimya. Ukiwa na vikundi 7 na masomo 4, hivyo ni vipindi 28 kwa siku. Saa 5 na nusu za kufundisha ni dakika 330, kwa hiyo kila kipindi kina dakika 11 na ushee, pamoja na muda wa watoto kusimama na kutembea. Mwalimu asiyeweza kupanga muda alikwama kwenye kikundi cha tatu jua likiwa limeshafika utosini. Mwalimu mzuri aliwapa wakubwa kazi ya kuwasikiliza wadogo, na wakubwa nao walijifunza kwa kufundisha. Shule ndogo za visiwa vya Ziwa Viktoria, ambako mwalimu mmoja hushika madarasa mawili au matatu, zinakabiliana na hesabu ileile ya dakika.

Kilichoharibu shule hizi zaidi hakikuwa kuchanganya umri. Naona hapo ndipo walipokuwa na akili kutuzidi. Kilichoziharibu ni mwalimu kubadilika kila muhula bila kumbukumbu zozote. Mwalimu mpya alifika, hakukuta daftari linaloonyesha kila mtoto aliishia wapi, akaanza ukurasa wa kwanza. Mtoto akarudia kurasa 30 za mwanzo mwaka hadi mwaka, akazijua kwa moyo, na asiione nusu ya pili ya kitabu maisha yake yote. Mara nyingi mwalimu huyo hakuwa na nyumba. Alilala wiki kwa familia hii na wiki kwa familia ile, kwa zamu, kama sehemu ya malipo yake. Haishangazi kwamba hakukaa.

Mihula ilifuata shamba, lakini si kwa namna inayosimuliwa siku hizi. Utasikia kwamba watoto wa Marekani wana likizo ndefu ya Juni hadi Agosti kwa sababu zamani walitakiwa shambani. Si kweli. Kijijini palikuwa na muhula wa majira ya baridi, ambapo vijana wakubwa walikuja kwa kuwa hakuna kazi, na muhula wa kiangazi kwa watoto wadogo, mara nyingi chini ya mwalimu wa kike aliyelipwa pungufu. Shule ilifungwa majira ya kupanda na majira ya kuvuna, siyo katikati ya kiangazi. Kusini kwenye pamba, shule nyingi za watoto weusi zilifunguliwa Julai na Agosti, palizi ikiwa imekwisha, zikafungwa Septemba na Oktoba watoto wakachume. Miji nayo ilifanya kinyume kabisa: mwaka 1842 shule za New York zilikuwa wazi zaidi ya siku 240. Likizo ndefu ilitokea pale siku za mjini zilipopunguzwa na za kijijini kuongezwa ili zilingane, huku familia za mjini zenye uwezo zikiwa zimeshazoea kuhama joto, na madarasa ya ghorofa yakiwa hayakaliki mwezi wa Julai.

Madarasa ya umri tunayoyaona kama maumbile, P.1 hadi P.7, yana tarehe ya kuzaliwa. Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu ya Massachusetts tangu 1837, alizuru Ujerumani mwaka 1843 akarudi akisifu shule za Prussia ambako watoto waligawanywa kwa viwango na kila kiwango kikawa na mwalimu wake. Miaka michache baadaye, mwaka 1847, Boston ilifungua shule ya Quincy chini ya mwalimu mkuu John Philbrick. Ilikuwa na vyumba 12, kila kimoja cha watoto wapatao 56, na ukumbi mkubwa ghorofa ya juu. Kila mtoto alipewa dawati na kiti chake mwenyewe. Zamani walibanana kwenye mabenchi marefu ndani ya kumbi. Ramani ya jengo ndiyo iliyozaa mfumo: ukishajenga vyumba 12 vinavyolingana, lazima utafute njia ya kuwagawa watoto katika mafungu 12 yanayolingana, na umri ndio kipimo rahisi kuliko vyote.

Mfumo huo ulizaa mtoto ambaye hakuwahi kuwepo: anayerudia darasa. Katika shule ya chumba kimoja hakuna aliyefeli mwaka. Mwalimu asipobadilika, uliendelea na ukurasa uliofikia. Sasa ukikosa miezi 2 kwa surua, ulirudi nyuma mwaka mzima. Mwaka 1909 Leonard Ayres alichapisha uchunguzi wa shule za mijini akaonyesha kwamba karibu thuluthi moja ya wanafunzi walikuwa na umri mkubwa kuliko darasa walilokaa. Alitenganisha vizuri walioanza wakiwa wamechelewa na walioanza mapema wakakwama njiani, kwa sababu dawa zake si moja. Hitimisho lake bado linauma: mtaala ulikuwa umepimwa kwa mtoto mwenye kipaji kisicho cha kawaida, kisha watoto wa kawaida wakaitwa wazito. Kuanzia miaka ya 1920 miji mingi ilianza kuwapandisha watoto kwa umri hata wasipofaulu. Tulipopewa kupandishwa darasa moja kwa moja chini ya UPE, tulipokea jibu la swali ambalo Boston ilijiuliza kwa sababu ya vyumba vyake.

Sasa nifike kwenye karatasi ya umri, ambayo kwangu ndiyo kiini cha historia hii yote.

Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu zaidi ya watoto 1,750,000 wa miaka 10 hadi 15 waliokuwa wakifanya kazi, wengi wao shambani. Kwenye viwanda vya uzi vya kusini, wavulana wadogo walipanda juu ya mashine ili kuondoa bobini zilizojaa na kuweka tupu. Vidole vidogo vilikuwa vyepesi na mshahara wao ulikuwa mdogo. Wasichana walitembea kati ya mashine wakiunganisha nyuzi zilizokatika. Majimbo yalianza kuweka umri wa chini. Illinois iliweka miaka 14 mwaka 1893, na aliyekuwa kati ya 14 na 16 alitakiwa kuwa na kiapo cha mzazi kuhusu umri wake. Florence Kelley, mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo hilo hadi 1897, aligundua haraka kiapo hicho kina thamani gani. Mzazi anayehitaji mshahara wa mtoto alikwenda kwa kamishna wa viapo, akalipa ada ndogo, akaapa kwamba mtoto ana 14. Mkaguzi alifika kiwandani akakuta kitoto kilichoonekana cha miaka 10, na karatasi safi yenye mhuri.

Bila rekodi ya kuzaliwa, mkaguzi hana la kusema. Ndiyo maana mpiga picha Lewis Hine, aliyeajiriwa mwaka 1908 na kamati ya taifa iliyopinga kazi za watoto, alipima urefu wa watoto kwa kulinganisha na vifungo vya kizibao chake. Alijua kila kifungo kiko inchi ngapi kutoka chini. Akamwita mtoto asimame kando yake, akasoma kifungo, akaandika kwenye daftari dogo mkono ukiwa ndani ya mfuko. Msimamizi wa kiwanda hakuona kitu.

Mwaka 1912 serikali kuu iliunda ofisi ya watoto chini ya Julia Lathrop. Watu walitarajia aanze na viwanda. Alianza na vifo vya watoto wachanga na usajili wa vizazi, na wengine waliona ni kukwepa. Alikuwa sahihi. Wanawake wa vyama vya hiari walipita mtaa kwa mtaa wakiandika watoto waliozaliwa karibuni, kisha wakapeleka majina ofisini kuona ni wangapi waliosajiliwa. Mwaka 1915 eneo la usajili wa vizazi, yaani majimbo yaliyokubaliwa kuwa yanasajili vizuri, lilianza na majimbo 10 tu pamoja na mji mkuu Washington. Majimbo yote yalikamilika mwaka 1933.

Sheria ya kitaifa ya mwaka 1916 ilipokataza biashara ya kuvuka majimbo kwa bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto chini ya miaka 14, kanuni zake ziliweka ngazi za ushahidi. Kwanza cheti cha kuzaliwa. Kikikosekana, rekodi ya ubatizo. Isipokuwepo, maandishi ya Biblia ya familia yaliyoandikwa wakati wa kuzaliwa, au hati nyingine ya siku nyingi kama bima ya maisha au pasipoti. Mwisho kabisa, daktari ampime mtoto urefu, uzito na meno, na rekodi ya shule iambatanishwe na maelezo ya mzazi. Kiapo cha mzazi peke yake hakikukubaliwa tena. Na hati haikukabidhiwa mtoto aitembeze mitaani. Ilikaa kwa mwajiri kama ushahidi. Katika majimbo ya kusini ambayo hayakuwa na mfumo wa kuaminika, maafisa wa serikali kuu walitoa hati wao wenyewe. Sheria hiyo ilianza kutumika Septemba 1917, na Juni 1918 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema serikali kuu haina mamlaka hayo. Ya pili, iliyotumia kodi, ilifutwa mwaka 1922. Ya tatu, ya mwaka 1938, ndiyo iliyosimama, na mahakama iliithibitisha mwaka 1941. Hata hiyo iliwaacha watoto wa mashambani nje ya ulinzi kamili: mpaka leo, nje ya saa za shule, mtoto wa miaka 12 anaweza kuajiriwa shambani kwa ridhaa ya mzazi.

Anayekaa kwenye kamati ya shule wilayani kwetu ataona mara moja ngazi hizi. Kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo, barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji: tunazo zote, na kila moja ina udhaifu uleule ambao Wamarekani waliuorodhesha miaka 100 iliyopita. Karatasi iliyoandikwa wakati mtoto anazaliwa haina sababu ya kudanganya. Karatasi iliyoandikwa siku mtoto anapotafutiwa kazi, au mume, inayo.

Sheria ya kumlazimisha mtoto kusoma ilifika jimbo la mwisho, Mississippi, mwaka 1918. Kwa watoto weusi wa kusini haikuwa na maana kubwa, maana kata nyingi hazikuwa zimewajengea shule. Kodi walilipa. Majengo yalikwenda kwa weupe. Hapo ndipo mwalimu mweusi Booker T. Washington wa chuo cha Tuskegee na mfanyabiashara Julius Rosenwald walipoanza, mwaka 1912, mpango uliokuja kujenga shule karibu 5,000 katika majimbo 15 kufikia 1932.

Mengi yanasemwa kuhusu ukarimu wa Rosenwald. Hesabu zinasema kitu kingine. Gharama yote ilikuwa kama dola milioni 28. Mfuko wa Rosenwald ulitoa asilimia 15 hivi. Wazazi weusi wenyewe walitoa kama asilimia 17, kwa pesa taslimu, mbao, ardhi na nguvu zao, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka kwenye kodi, ambayo nayo walikuwa wameshailipa. Wakulima wengine walitenga kipande cha pamba ambacho mavuno yake yote yalikwenda kwenye jengo. Pesa ya mfuko ilikuwa chambo cha kuilazimisha kata itoe sehemu yake na kuipokea shule kuwa ya umma.

Michoro ya majengo hayo ingefaa kutazamwa na kila fundi anayejenga darasa lisilo na umeme. Madirisha marefu yalipangwa pamoja upande mmoja, kushoto kwa watoto, ili kivuli cha mkono wa kulia kisianguke juu ya maandishi. Jengo lilielekezwa ili madirisha yatazame mashariki au magharibi, na kulikuwa na michoro tofauti kwa kiwanja kinachotazama upande mwingine, ili kusiwe na kisingizio. Dari ilipakwa rangi ya maziwa, kuta rangi hafifu, na sehemu ya chini, inayoguswa na mikono, rangi nyeusi zaidi. Kila dirisha lilikuwa na mapazia 2 ili jua kali lizuiwe bila kuzima mwanga wote. Kiwanja kisipungue ekari 2. Fundi aliyegeuza mchoro ili mlango utazame barabara, bila kugeuza madirisha, alipoteza mwanga ambao mchoro ulikusudia. Yule aliyeongeza madirisha upande wa kulia akidhani anaongeza mwanga alirudisha vivuli vilevile.

Kutoka ulimwengu huohuo wa kusini ndiko ilikotoka elimu ya Kimarekani iliyofika kwetu kwanza kama sera. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) kati ya wajumbe wake, ilipita Uganda. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikawa na idara ya elimu chini ya Eric Hussey, na huko Kabete, Kenya, ikafunguliwa shule ya Jeanes, iliyopewa jina la mfuko wa Kimarekani uliowalipa walimu weusi wazungukao vijijini, wa kwanza akiwa Virginia Randolph wa kata ya Henrico, Virginia, mwaka 1908. Kazi ya walimu hao ninaiheshimu sana. Walifundisha usafi, bustani na ufundi katika vyumba visivyo na chochote, na walichangisha pesa za kujenga vyumba bora. Lakini tume ilichukua njia ambayo watu waliofungiwa milango waliitumia ili waishi, ikaileta Afrika kana kwamba ndiyo elimu inayomfaa Mwafrika. W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alimpinga Jones hadharani kwa jambo hili. Katika miaka ileile ambayo tulishauriwa tushike jembe na useremala, Marekani ilikuwa ikijenga shule za sekondari kila mji: mwaka 1910 kama asilimia 9 ya vijana wake walimaliza sekondari, na kufikia 1940 karibu nusu. Tume haikutushauri hilo.

Shule za bweni za Wahindi wekundu nazo zitajwe. Carlisle, Pennsylvania, ilifunguliwa mwaka 1879 ndani ya kambi ya jeshi. Watoto walinyolewa, wakavishwa sare, wakapewa majina mapya na kukatazwa lugha zao. Waliokua wakivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiteso, Kilugbara au Kiganda uwanjani hawahitaji maelezo zaidi.

Umbali ulitatuliwa kwa mabasi. Mwaka 1869 Massachusetts iliruhusu kodi ilipie kuwabeba watoto, kwanza kwa magari ya farasi. Mwaka 1939 Frank Cyr aliwaita wataalamu New York wakakubaliana vipimo vya basi la shule, na rangi ya njano ambayo maandishi meusi juu yake husomeka mapema alfajiri. Basi liliruhusu shule ndogo kuunganishwa: karibu mwaka 1930 zilikuwepo shule kama 149,000 za mwalimu mmoja, na karibu 1970 zilibaki chini ya 2,000. Kijiji kilichopoteza shule kilipoteza pia mahali pa kukutania na kupigia kura, na hilo hakuna aliyelilipa.

Mlango wa mwisho ulikuwa tumbo. Sheria ya chakula cha shule ilisainiwa Juni 1946, na ilikuwa na sababu mbili zilizokiriwa wazi: vijana wengi waliokataliwa jeshini wakati wa vita kwa afya mbaya, na wakulima waliokuwa na mazao ya ziada. Mlo kamili uliolipiwa ulipimwa hivi. Maziwa nusu painti, yaani kama mililita 240. Nyama, samaki au jibini gramu 57 hivi, au badala yake yai 1, au nusu kikombe cha maharagwe makavu yaliyopikwa, au vijiko vikubwa 4 vya siagi ya karanga. Mboga au matunda robo tatu ya kikombe. Mkate kipande kimoja na vijiko vidogo 2 vya siagi. Sahani ya posho (ugali) na maharagwe pamoja na sukumawiki ingekuwa karibu sana na kipimo hicho, ikikosa maziwa.

Mpango ulikwama pale ambapo majimbo yaliruhusiwa kuhesabu pesa walizolipa watoto wenyewe kuwa ndiyo mchango wao. Jimbo halikutoa kitu, mtoto maskini akakosa, na shule kongwe za mijini zisizo na jiko hazikuingia kabisa. Mwaka 1969 Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, walianza kuwapikia watoto kifungua kinywa kanisani Oakland, na pengo likaonekana na kila mtu. Kwetu sheria ya elimu ya mwaka 2008 inamwachia mzazi chakula, kwa hiyo jiko lipo au halipo kwa kutegemea kamati ya wazazi ina nguvu gani.

Sheria ya 1946 ilikuwa tayari imekataza kumtenga mtoto asiyeweza kulipa. Shule zilitii maandishi na kukwepa maana: tokeni ya rangi tofauti, foleni nyingine, majina yakasomwa. Mwaka 1970 bunge lilirudi na kuyataja hayo moja baada ya jingine: hakuna tokeni wala tiketi maalumu, hakuna orodha ya majina inayotangazwa au kubandikwa, hakuna njia nyingine yoyote ya kumwonyesha mtoto huyo kwa wenzake. Mwalimu mkuu aliyezoea kusoma paredi asubuhi majina ya wasiolipa pesa ya chakula angekuwa amevunja sheria hiyo kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza.